Umri wa Dunia na Moto Uliomo Ndani Yake



Wako watu wengi wanaopita kila siku kando ya majabali makubwa ya Mwanza, yale yaliyorundikana ziwani na vilimani kama magunia bandarini, wala hawajiulizi yamekuwako tangu lini. Si ajabu. Jiwe halina mvi, wala halina meno ya kutazamwa kama ng'ombe mnadani. Hata wenye elimu wa Ulaya, waliokuwa wamekwisha kupima mwendo wa sayari, walikaa zamani nyingi bila ya kujua namna ya kuliuliza jiwe umri wake. Leo nataka kuwasimulia jinsi fumbo hili lilivyofumbuliwa, na jinsi bingwa mmoja aliyesifiwa kuliko wote wa zamani zake alivyolikosa, ingawa katika kujumlisha na kugawanya hakukosea hata kidogo.

Hesabu iliyopata sifa kwanza ilitoka vitabuni. Mwaka 1650 James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh katika Ayalandi, alijumlisha miaka ya vizazi na ya wafalme iliyoandikwa katika Biblia, akailinganisha na tarikhi za mataifa mengine ya kale, akasema dunia iliumbwa mwezi wa Oktoba, mwaka 4004 kabla ya Kristo. Siku hizi watu humcheka, nami kicheko hicho sikipendi. Alikuwa mtu wa elimu nyingi, akatumia ushahidi aliokuwa nao. Ushahidi wa mawe ulikuwa ungali umefungwa.

Aliyeufungua alikuwa mkulima. James Hutton alizaliwa Edinburgh, katika Uskoti, mwaka 1726. Alisomea uganga, kisha akauacha akaenda kulima shamba alilorithi kwa baba yake. Shambani aliona kila mvua ikichukua udongo mtoni, na mto ukiupeleka baharini. Mkulima mwingine angalinung'unika tu. Hutton alijiuliza: ikiwa udongo washuka siku zote wala haurudi, mbona nchi kavu haijakwisha? Akaona kwamba lazima iko nguvu inayoinua nchi upya kutoka chini ya bahari, na kwamba nguvu hiyo ni moto uliomo ndani ya dunia.

Mwaka 1788 alipanda mashua pamoja na rafiki zake wawili, John Playfair na Sir James Hall, wakafuata pwani ya mashariki ya Uskoti mpaka mahali paitwapo Siccar Point. Pale mawimbi yamelila jabali hata likabaki wazi. Chini ziko tabaka za mawe ya kijivu zilizosimama wima kama vitabu rafuni. Juu yake zimelala tabaka za mawe mekundu ya mchanga, zimeinama kidogo tu. Fikirini maana yake. Matope ya kijivu yalitua kwanza chini ya bahari, tabaka juu ya tabaka, yakawa mawe. Mawe hayo yakakunjwa, yakasimamishwa, yakainuliwa yakawa nchi kavu. Mvua na mito ikayala mpaka yakawa bapa. Ndipo mchanga mwekundu ulipoletwa na kutandazwa juu yake, ukawa mawe nao. Kisha yote yakainuliwa tena, na bahari ikaanza kuyala kama walivyoona wale watu watatu siku ile. Twajua sasa kwamba mawe ya kijivu yana umri wa miaka milioni 435 hivi, na yale mekundu kama milioni 370. Mahali yanapogusana, pasipozidi upana wa kidole, pamepita miaka milioni 65 isiyoacha alama nyingine.

Hutton hakuwa na njia ya kuihesabu miaka hiyo. Hesabu ilikuja kwa mtu wa namna nyingine kabisa. William Thomson, aliyepewa baadaye jina la Lord Kelvin, alifanywa profesa wa Glasgow alipokuwa na umri wa miaka 22, na katika elimu ya joto na nguvu wachache walimkaribia. Alianza na jambo ambalo kila mchimba madini alilijua, kwamba kadiri ushukavyo shimoni ndivyo joto lizidivyo. Basi, alisema, dunia inatoa joto, yaani inapoa. Hapo kwanza ilikuwa mawe yaliyoyeyuka. Mtu akijua ilianza na joto kiasi gani, na jinsi mawe yapitishavyo joto, aweza kuhesabu imekuwa ikipoa kwa muda gani. Mwaka 1862 alitoa jibu lake: miaka milioni 98, na kwa vyovyote haipungui milioni 20 wala haizidi milioni 400. Alivyozidi kuzeeka ndivyo alivyozidi kuipunguza, hata mwaka 1897 akasema ni kati ya milioni 20 na 40, tena iko karibu zaidi na 20.

Wajuzi wa miamba walifadhaika. Charles Darwin, aliyehitaji muda mrefu sana kwa mafundisho yake juu ya mabadiliko ya viumbe, aliona hesabu hii kuwa pingamizi kubwa mno. Lakini nani angebishana na Kelvin? Wengine wakaanza kuyafinya waliyoyaona kwa macho yao, wapate kuyaingiza katika miaka michache waliyokatiwa. Hili, kwa maoni yangu, ndilo la kusikitisha kuliko yote katika khabari hii. Jabali liko mbele yako, mkono wako umeligusa, nawe walishuku kwa sababu ya ukubwa wa jina la mtu.

Aliyesimama kumjibu alikuwa John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake. Mwaka 1895 alieleza kwamba hesabu ya mkuu wake ni sawa ikiwa dunia ni ngumu kabisa hata ndani, wala hakuna kinachosogea. Je, ikiwa mawe ya ndani yapitisha joto vizuri zaidi, au yatambaa polepole mno kama lami? Chukueni sufuria mbili zilizoepuliwa pamoja, moja ya ugali, moja ya mchuzi. Ugali hupoa juu na kushika moto ndani. Mchuzi huzunguka, na joto la chini hupanda juu daima, kwa hiyo uso wake hukaa na moto muda mrefu. Anayeupima uso tu atadhani sufuria ya mchuzi imeepuliwa sasa hivi. Kwa njia hiyo Perry alionyesha kwamba dunia yaweza kuwa na miaka milioni 2,000 au hata 3,000. Hakusikilizwa. Vitabu vingi vya shule husema kwamba Kelvin alishindwa na mawe yatoayo mionzi tu. Kwa kweli kosa kubwa zaidi ni hili aliloliona Perry, kwa maana mawe ya chini yanatambaa kweli, ingawa hayajayeyuka.

Hata hivyo mionzi nayo ilikuwa na neno lake. Mwaka 1896 Henri Becquerel wa Paris aligundua kwamba madini ya urani hutoa mionzi yenyewe, pasipo kuchochewa na mtu. Mwaka 1903 Pierre Curie na Albert Laborde wakapima wakaona ya kuwa radiamu hutoa joto saa zote bila kukoma. Ikawa wazi basi kwamba dunia si chungu kilichoepuliwa tu, bali makaa mengine yamo ndani yake. Mwaka 1904 Ernest Rutherford, mtoto wa mkulima wa New Zealand, alipanda jukwaani London kuyasema hayo, naye Kelvin mwenyewe alikuwa ameketi kati ya wasikilizaji, mzee wa miaka 79. Rutherford alisimulia baadaye kwamba aliogopa alipomwona mzee amefumbua jicho. Mara akakumbuka kuwa Kelvin alikuwa ameweka sharti zamani, kwamba hesabu yake ni kweli isipoonekana asili mpya ya joto. Akalitaja sharti lile kama kwamba mzee alitabiri radiamu, na uso wa mzee ukakunjuka. Nadhani huo ulikuwa ujuzi wa adabu kuliko wa mawe.

Kumbe yale makaa yalikuwa pia saa. Urani hugeuka kidogo kidogo ikawa risasi, yaani madini ile nzito ya risasi. Mwendo wake hauharakishwi na moto wa jikoni wala kucheleweshwa na baridi. Wazieni ghala ya mtama ambayo kila msimu hutolewa nusu ya kilichosalia. Ukikuta kilichosalia, na kile kilichotolewa kimewekwa kando yake, utajua misimu mingapi imepita. Kwa urani iliyo nyingi zaidi, msimu mmoja ni miaka milioni 4,470 hivi. Mwaka 1907 Bertram Boltwood wa Marekani alizipima urani na risasi katika mawe kadha wa kadha, akapata miaka kutoka milioni 400 mpaka zaidi ya 2,000.

Kazi hii ikachukuliwa na kijana Mwingereza, Arthur Holmes, ambaye jina lake lagusa pwani yetu. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 21, alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Hakupata utajiri. Alipata homa ya malaria iliyokaribia kumwua, hata habari za kifo chake zikapelekwa kwao. Alipona, akarudi, na mwaka 1913 akatoa kitabu juu ya umri wa dunia. Muda mwingi wa maisha yake aliutumia kuyapangia mawe ya dunia miaka yao. Ni kwa njia hii twajua kwamba majabali ya Mwanza yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500.

Lakini dunia yenyewe? Mawe ya kwanza kabisa yamekwisha kuyeyushwa au kusagwa. Clair Patterson wa Marekani alitafuta basi jiwe lililozaliwa pamoja na dunia lisiguswe tangu hapo, nalo ni kimondo. Alitumia chuma cha kimondo kilichoanguka Arizona, cha jinsi moja na kile kikubwa cha Mbozi katika Tanzania, chenye uzito wa tani 16 hivi. Shida yake ilikuwa risasi ya kigeni. Kila alipopima alikuta risasi nyingi kuliko ilivyopasa, mezani, katika maji, katika nguo, hata katika hewa. Akasugua chumba chake cha kazi kwa miaka kadha mpaka kikawa safi kuliko vyote vya namna yake. Mwaka 1956 akatangaza jibu: miaka milioni 4,550, nalo limesimama mpaka leo. Tena ile taabu ya kusugua ilimfundisha kwamba risasi iliyotiwa katika petroli ilikuwa inawatia watu sumu, akapigana na jambo hilo miaka mingi. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli ya namna hiyo kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Lipo jiwe jingine dogo la kutajwa, nalo ni zirkoni, chembe ngumu kama punje ya mchanga. Wakati wa kuumbika huipokea urani na kuikataa risasi. Kwa hiyo risasi yo yote ikutwayo ndani yake imezaliwa humo humo. Mchanga wa Kwale, kusini ya Mombasa, ulichimbwa kwa ajili ya zirkoni na madini mengine mpaka mwaka 2024. Huko Jack Hills, katika Australia ya magharibi, zilionekana chembe zenye umri wa miaka milioni 4,400, na mwaka 2001 wataalamu walieleza kwamba oksijeni iliyomo katika umbo lake yaonyesha alama ya maji. Yamkini, basi, maji yalikuwako juu ya nchi dunia ilipokuwa bado changa kabisa.

Na yamebaki. Hapa ule moto wa Hutton warudi. Sayari ya Mars ni ndogo, uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya dunia. Nguvu yake ya sumaku ilikoma mapema, hewa yake nyingi ikapotea, na uso wake ukakauka. Zuhura yakaribia ukubwa wa dunia, lakini hewa yake nzito imeitia joto la digrii 460 hivi. Kwetu sehemu kubwa ya hewa hiyo ya ukaa imefungwa katika mawe ya chokaa, kama matumbawe yaliyojenga nyumba za Lamu na Unguja, na milima ya moto huirudisha kiasi angani, isikose kabisa ikaacha dunia igande. Kama nusu ya joto linaloiendesha milima hiyo latoka kwa urani, thoriamu na potasiamu.

Potasiamu pia ni saa, kwa kuwa sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya argoni. Jiwe likiyeyuka gesi hutoka, likiganda hesabu huanza upya, kwa hiyo majivu ya mlima wa moto hubeba tarehe ya siku yalipotupwa. Mwezi wa Julai 1959, katika bonde la Oldupai, Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe wa jamii ya watu wa kale sana. Louis Leakey, mumewe, alilikisia miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 majivu ya tabaka lile yalipimwa kwa argoni, yakatoa miaka 1,750,000.