Alama Bila Toni, Toni Bila Alama: Utangulizi wa Historia ya Kigiriki kwa Kurejelea Lugha za Iringa na Mbeya

1.0 Utangulizi

Kigiriki ni miongoni mwa lugha chache duniani ambazo historia yake ya maandishi inafuatilika kwa zaidi ya miaka 3,000. Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, lugha hii imefika kwa njia tatu. Ya kwanza ni maneno ya mkopo yaliyopitia Kiarabu kabla ya kuingia katika Kiswahili, kama vile karatasi, kalamu na kanuni. Ya pili ni kanisa. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Berlin, walioingia Unyakyusa mwaka 1891, walileta Agano Jipya ambalo matini yake ya asili ni ya Kigiriki. Hata neno dayosisi, linalotumika katika jina la Dayosisi ya Iringa, lina asili hiyo. Ya tatu ni walowezi wa Kigiriki, ambao katikati ya karne ya 20 walikuwa miongoni mwa wakulima wakubwa wa tumbaku mkoani Iringa.

Utangulizi mwingi wa Kigiriki umeandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya ambao lugha zao hazina toni. Kwa sababu hiyo, toni ya Kigiriki cha kale huelezwa kama jambo la mbali lisiloweza kusikika tena. Makala haya yanadai kwamba kwa msomaji wa Iringa na Mbeya hali ni tofauti: mabadiliko makubwa ya matamshi ya Kigiriki yanaweza kueleweka kwa kulinganisha lugha zinazozungumzwa katika eneo lake mwenyewe.

1.1 Vipindi vya Kigiriki

Maandishi ya kale zaidi ya Kigiriki yanayosomeka ni mabamba ya udongo yaliyoandikwa kwa hati ya silabi iitwayo Linear B, ambayo Michael Ventris alifaulu kuifumbua mwaka 1952. Hati hiyo ilitoweka baada ya kuanguka kwa majumba ya kifalme ya Mykene, karibu mwaka 1200 KK. Kufikia karne ya 8 KK Wagiriki walikuwa wamechukua alfabeti kutoka kwa Wafoinike na kuzitumia baadhi ya herufi zake kuwakilisha irabu.

Katika karne ya 5 na ya 4 KK, lahaja ya Athene ilipata hadhi kubwa katika fasihi na falsafa. Baada ya ushindi wa Aleksanda Mkuu, aliyefariki mwaka 323 KK, lahaja hiyo ikawa msingi wa Koine, yaani lugha ya wote, iliyoenea kutoka Misri hadi Asia. Agano Jipya liliandikwa kwa Koine. Kigiriki kiliendelea kuwa lugha ya dola ya Bizanti hadi mwaka 1453, na Kigiriki cha leo kimetokana na Koine hiyo.

1.2 Toni ilivyogeuka kuwa mkazo

Kigiriki cha kale kilikuwa na sifa mbili ambazo Kigiriki cha leo hakina: toni, na tofauti ya irabu fupi na ndefu. Neno *phōs* lenye sauti ya juu lilimaanisha mtu katika lugha ya ushairi. Neno lilo hilo, sauti ikipanda na kushuka ndani ya silabi, lilimaanisha nuru. Alama za kuonyesha tofauti hizo zilibuniwa Aleksandria karibu mwaka 200 KK, na kwa kawaida hunasibishwa na mwanazuoni Aristophanes wa Byzantion.

Kufikia karne ya 4 BK, toni ilikuwa imegeuka kuwa mkazo na urefu wa irabu ulikuwa umepotea. Tangu hapo kinachotofautisha maneno ni silabi inayotamkwa kwa nguvu: *nómos* ni sheria, *nomós* ni mkoa. Mzungumzaji wa Kiswahili anaijua tofauti ya namna hii kutokana na barabara, njia kuu, na barabara lenye mkazo katika silabi ya pili, lenye maana ya sawasawa.

1.3 Ulinganisho na lugha za Iringa na Mbeya

Wanaisimu wanakubaliana kwamba lugha mama ya Kibantu ilikuwa na toni ya juu na ya chini, pamoja na irabu fupi na ndefu. Kihehe, kinachozungumzwa Iringa, kimehifadhi sifa zote mbili. Kinyakyusa, kinachozungumzwa Rungwe na Kyela mkoani Mbeya, kimepoteza toni lakini kimehifadhi urefu wa irabu. Kiswahili Sanifu kimepoteza zote mbili.

Kwa hiyo, hali ya Kigiriki cha kale inafanana na ya Kihehe, na ya Kigiriki cha leo inafanana na ya Kiswahili. Kinyakyusa kinaongeza fundisho ambalo Kigiriki peke yake hakiwezi kulitoa. Kwa kuwa katika Kigiriki toni na urefu vilitoweka pamoja, ni rahisi kudhani kwamba kimoja hakiwezi kubaki bila kingine. Kinyakyusa kinaonyesha kwamba dhana hiyo si ya lazima.

1.4 Walowezi, maandishi na upotevu

Alama za Aleksandria ziliendelea kuandikwa kwa zaidi ya miaka 1,500 baada ya toni zenyewe kutoweka. Serikali ya Ugiriki ilizifuta mwaka 1982 na kubakiza alama moja tu ya mkazo. Hivyo walowezi wa Kigiriki wa Iringa, ambao wengi wao waliondoka Tanzania katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, walikuwa wa kizazi kilichofundishwa kuandika alama za toni ambazo hakikuzitamka. Majirani zao Wahehe walitamka toni ambazo hawakuziandika, kwa kuwa maandishi ya kawaida ya Kihehe hayaweki alama za toni.

Tofauti hii ina uzito kwa mtafiti wa historia. Toni ya Kigiriki ilikufa, lakini kwa sababu iliandikwa inaweza kuchunguzwa baada ya karne nyingi. Toni ya Kihehe ingali hai, lakini iwapo vizazi vijavyo vitahamia katika Kiswahili, barua, mahubiri na hadithi zilizoandikwa kwa Kihehe hazitamwezesha msomaji kujua zilivyosikika.

1.5 Hitimisho

Historia ya Kigiriki si elimu ya ugenini kwa Nyanda za Juu Kusini. Mwalimu wa Kigiriki katika vyuo vya theolojia vya Iringa na Mbeya anaweza kuanza na Kihehe na Kinyakyusa kabla ya kufika Athene. Mtafiti wa Kihehe naye ana la kujifunza kutoka Aleksandria: alama zilibuniwa wakati ambapo bado walikuwapo watu wa kuzithibitisha kwa masikio yao. Kurekodi sauti za wazee na kuweka alama za toni katika kamusi na matini za Kihehe ni kazi inayowezekana sasa, wakati wazungumzaji wake wapo.