Msomaji Anayejiona: Siku Njema na Kizazi cha 8-4-4

Tangu Ken Walibora atoe riwaya ya Siku Njema mwaka 1996, wasomaji wake vijana wamekuwa wakirudia kauli moja: huyu ni mimi. Wahakiki huitilia shaka kauli hiyo. Huiona kama ngazi ya chini ya usomaji, ambayo mwanafunzi hana budi kuivuka ndipo aanze uhakiki wenyewe. Mimi naichukua kuwa ushahidi, tena ushahidi unaostahili kuchunguzwa kwa makini.

Ugumu wa kauli hiyo uko wazi. Kongowea Mswahili, anayetusimulia maisha yake kwa kinywa chake, ni mtoto wa Tanga aliyezaliwa nje ya ndoa. Mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu. Anafiwa na mama huyo, kisha anavuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua, safari inayomfikisha Kitale. Wangapi kati yetu tumepitia hayo? Mimi nililelewa na wazazi wote wawili, mbali na bahari, na taarabu niliisikia redioni tu. Hata hivyo nilimpenda Kongowea kama ndugu wa tumbo moja, na huzuni yake niliibeba siku nyingi. Kufanana kwa maisha, basi, hakutoshi kueleza mguso huu.

Naamini chanzo chake ni lugha. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa nchini Kenya. Vijana walioipokea riwaya hii walikuwa zao la mfumo huo. Kwa wengi wetu wa bara, Kiswahili sanifu kilikuwa lugha ya daftari na ya mtihani; nyumbani tulizungumza lugha nyingine, na wenye Kiswahili chao, tuliambiwa, wako pwani. Akatujia kijana asiye na baba wala mali, ambaye umahiri wake wa Kiswahili ndio urithi wake mkubwa. Tena aliyemuumba alikuwa mtu wa bara kama sisi, aliyekulia Bungoma na Trans Nzoia, na aliyeandika kwa ufasaha ambao tulidhani haupatikani ila kwa kuzaliwa nao. Kijana wa bara aliyesema huyu ni mimi alikuwa anadai sehemu yake katika lugha hii. Hilo si dai la kitoto.

Yako malalamiko kwamba riwaya imejaa sadfa. Ni kweli, na mhakiki ana haki ya kuyasema. Lakini sadfa hazikuuvunja uhusiano wa msomaji na Kongowea, kwa kuwa uhusiano huo umejengwa juu ya sauti yake zaidi ya mfuatano wa matukio.

Riwaya ya Walibora ilitahiniwa shuleni, na mtihani ukatuzoesha kuigawa katika mafungu ya maudhui, wahusika na mbinu za lugha. Sipingi mafungu hayo. Naomba tu walimu wenzangu tubadilishe utaratibu: mwanafunzi aulizwe kwanza kitabu kimemgusa wapi, atakiwe kuthibitisha jibu lake kwa matini yenyewe, na uchambuzi uanzie hapo.