Mfalme Aliyewageuka Wareno

Ng'ambo ya maji kutoka hapa Mishomoroni, kisiwani Mvita, yaani Mombasa, ipo Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Yusuf bin Hasan alikuwa bado mtoto baba yake, Sultani Hasan wa Mombasa, alipouawa Rabai mwaka 1614 na kichwa chake kupelekwa Goa, makao ya Wareno huko India. Mtoto naye alipelekwa hukohuko, akalelewa na mapadri Waagostino na kubatizwa Dom Jerónimo. Mwaka 1626 Wareno wakamrudisha awe mfalme wao Mombasa.

Hesabu yao haikutoka.

Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, akauawa. Mfalme akarejea Uislamu. Kikosi kutoka Goa kilimzingira mwaka 1632, kikashindwa. Baadaye yeye mwenyewe aliihama ngome, akawa akiwasumbua Wareno baharini hadi alipokufa mwaka 1638.

Juu ya lango la ngome yangalipo maandishi ya Kireno. Humo Kapteni Seixas de Cabreira, aliyeshika ngome mwaka 1635 akiwa na miaka 27, anajisifu alivyowaadhibu watu wa Pate, Siu na Pemba. Majigambo marefu hayo! Waomani waliiteka ngome mwaka 1698. Wareno walirudi 1728, na mwaka uliofuata wenyeji wakawatimua.