Kimwondo na Jukwaa la Kujibizana katika Visiwa vya Lamu

Historia ya tamthilia ya Kiswahili kwa kawaida huanzia kwenye maandiko. Hutajwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), kisha Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981), ambamo vibarua wa shamba wanaongozwa na mwanamke kudai haki zao. Kwa kipimo hicho, visiwa vya Lamu huonekana kama havina mchango katika sanaa ya maonyesho yenye kutetea haki za raia. Kasoro imo katika kipimo chenyewe. Huko jukwaa lilikuwa ni kujibizana kwa mashairi, na ushahidi mmoja ulio bora ni Kimwondo, yaani mashairi ya uchaguzi wa 1974 na uchaguzi mdogo wa 1975 katika jimbo la Lamu Mashariki.

Desturi hiyo ni kongwe. Zama za vita vya Shela, yapata 1812, Mombasa na Lamu zilipigana kwa silaha na kwa tungo pia, na Muyaka bin Haji ni mmoja tu wa waliosikika. Mwenye kujibu hulishika neno la mwenziwe, akaligeuza, akamrudishia nalo mbele ya watu. Hivyo hana budi kulipima shairi la mpinzani kabla ya kutoa lake: sauti yake, adabu yake, hata haki yake ya kusema. Uhakiki wa sanaa umo ndani ya sanaa yenyewe, jambo ambalo tamthilia ya kuandikwa hulipata kwa nadra.

Mwaka 1974 yalikuwapo mengi ya kusemwa. Vita vya shifta, kuanzia 1963 hadi 1967, vilikuwa vimewahamisha Wabajuni kutoka vijiji vyao vya bara hadi visiwani, na mashamba yakabaki nyuma bila wenyewe. Tangu KPU kupigwa marufuku mwaka 1969, hapakuwa na chama cha upinzani. Aliyetaka kulalamika alilalamika ndani ya KANU, kwa kumpinga mtu badala ya chama. Kusema waziwazi kulikuwa na gharama yake. Abdilatif Abdalla alikuwa amefungwa kwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wa Kenya: Twendapi? Si ajabu basi kwamba fumbo lilipendelewa.

Wagombea wawili wakuu, Mzamil Omar Mzamil na Abubakar Madhubuti, kila mmoja alikuwa na washairi wake. Jina la Kimwondo nalo lina uzito wake: katika itikadi ya Waislamu, kimwondo ni kinga cha moto anachotupiwa shetani anayenyemelea habari za mbinguni. Kumwita mpinzani shetani kwa njia hiyo ni ukali, lakini ni ukali wenye elimu ndani yake. Mashairi yalitiwa katika kanda za kaseti, yakasikilizwa barazani na majumbani. Wanawake nao walitunga na kughani. Hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Katika mji ambamo mwanamke wa heshima hakutarajiwa kusimama mbele ya kadamnasi ya wanaume, kaseti ilimpa jukwaa bila kumtoa uani. Alihukumu siasa za jimbo zima, akajibiwa kama mshairi.

Yafaa kulinganisha na Kamiriithu, ambako Ngaahika Ndeenda ilionyeshwa mwaka 1977, kisha kibali kikaondolewa na maonyesho yakakoma. Ukumbi hufungwa kwa amri moja. Kanda iliyokwisha kunakiliwa kutoka nyumba hadi nyumba haina mlango wa kutiwa kufuli.

Assibi Amidu aliyachapisha mashairi hayo mjini Vienna mwaka 1990. Bila kitabu chake, wengi wasingeyajua kabisa. Hata hivyo, karatasi imehifadhi maneno tu. Mahadhi, ambayo kwa msikilizaji wa Faza au Kizingitini yalikuwa nusu ya hoja, hayakuchapika.