Gofu Lina Mwenyewe



Mtu atokaye kwetu Kiranjeranje akenda Kilwa Masoko kwa shughuli zake, akisimama ufukweni huiona Kilwa Kisiwani ng'ambo ya maji, na Gereza limesimama pwani. Wengi wetu hutazama tukapita. Leo nakuomba tusimame kidogo, kwani majengo yale yana mafunzo yatufaayo katika jambo tunalobishana kila siku vijijini: jengo likihamwa, tulifanyeje?

Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505 walijenga ngome, na mwaka 1512 wakaondoka. Yapata mwaka 1800 Waarabu wa Oman walijenga ngome yao juu ya masalio yale, nayo ndiyo Gereza la leo. Basi kutumia tena jengo la kale si jambo geni kwetu. Lakini tusidhani kwamba kila matumizi mapya ni heri. Zama zile biashara ya watumwa ilikuwa imeshamiri Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani apewe watumwa elfu moja kila mwaka. Ukuta haujui halali wala haramu. Ajuaye ni yule aingiaye ndani yake.

Sasa tazama majengo mawili mengine ya kisiwa hicho. Husuni Kubwa ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Lilihamwa upesi, wala hakutokea wa kulifufua. Msikiti Mkuu nao ulianza mdogo. Sultani huyo huyo akaupanua, na sehemu hiyo ikaja ikabomoka. Katika karne ya 15 watu wakaujenga tena, kwa nguzo mpya za mawe na chokaa. Kwa nini huu ukafufuliwa na lile likaachwa? Mimi naona jumba lilikuwa haja ya mtu mmoja, na alipokwenda zake, haja yake ilikwenda naye. Msikiti ulikuwa haja ya watu wote, mara tano kila siku.

Lakini haja peke yake haitoshi. Bwana Mtume (S.A.W.) alipofika Madina alitaka mahali pa kujenga msikiti. Kiwanja kilichopatikana kilikuwa na magofu, makaburi ya washirikina na mitende. Yeye ni Mtume wa Mungu, na kazi ni ya Mungu, juu ya hayo hakusema, "Gofu hili halina mtu." Aliwaita Banu Najjar akawataka wamtajie bei. Wao wakajibu kwamba malipo yake wanayataka kwa Mwenyezi Mungu. Baada ya hapo ndipo magofu yakasawazishwa. Idhini ilitangulia, jembe likafuata.

Ndugu yangu, huku kwetu mahame hayakosekani, hasa tangu watu walipokusanywa vijijini miaka ya 1970. Utakuta miembe, makaburi, na pengine kuta za msikiti. Hata vijijini kuna nyumba na maduka yaliyofungwa miaka. Mmoja husema, "Tulifanye chuo cha watoto." Mwingine husema, "Lina wenyewe." Wote wawili wamesema kweli, na makosa ni kumsikiliza mmoja tu.

Nyumba ya marehemu ni mali ya warithi, hata wakiwa Unguja au Dar es Salaam. Watafutwe, waulizwe, na jibu liandikwe mbele ya mashahidi. Msikiti una hukumu nyingine. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, msikiti haupotezi hukumu yake kwa kubomoka; hauuzwi, haurithiwi, wala haugeuzwi ghala. Imam Ahmad bin Hanbal aliruhusu wakfu uliokosa manufaa uuzwe, na thamani yake itiwe katika wakfu mwingine. Lakini hakuna katika maimamu hao aliyemruhusu mtu kuufanya wake. Na magofu ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964. Asiende mtu kung'oa mawe yake akajengee choo.

Ikipatikana idhini, basi tusilale. Ngome ya Lamu ilikuwa jela tangu mwaka 1910 hata 1984. Walipotolewa wafungwa haikuachwa ianguke. Ikafanywa makumbusho, ikatiwa na maktaba. Palipokuwa na minyororo, watoto wakasoma. Je, sisi tushindwe kuezeka duka moja lenye kuta nzima, hali watoto wetu wanasoma Qur'ani chini ya mwembe, na mvua ikinyesha wanarudi makwao?

Ijumaa hii, baada ya sala, waulize wazee jengo moja tu: lilikuwa la nani, na warithi wake wako wapi. Ukishapata majibu, ndipo utafute makuti.

Wabillahi tawfiq.