Divya Deshmukh: Binti wa miaka 19 aliyembwaga Koneru Humpy

Divya Deshmukh na Koneru Humpy, wote wa India, walikutana kwenye fainali ya Kombe la Dunia la sataranji kwa wanawake mjini Batumi, Georgia, Julai 2025. Humpy, 38, alikuwa grandimasta tangu 2002, Divya hata hajazaliwa.

Ilikuwaje?

Michezo miwili ya kawaida iliisha sare. Julai 28 wakaingia kwenye michezo ya haraka: dakika 15 kwa kila mchezaji, na sekunde 10 za nyongeza kila anaposogeza kete. Wa kwanza, sare tena. Wa pili Divya alishika kete nyeusi, yaani mpinzani ndiye anayeanza. Muda ukaanza kumbana Humpy, akakosea, na Divya hakumwachia. Matokeo: 1.5 kwa 0.5.

Alipata nini?

Dola 50,000, lakini kubwa zaidi ni hadhi ya grandimasta. Kwa kawaida, mchezaji lazima afikie kiwango maalumu kwenye mashindano mara tatu na afikishe alama 2500. Divya alifika Batumi hajafikia kiwango hicho hata mara moja. Ila kanuni zinampa bingwa wa kombe hilo hadhi hiyo moja kwa moja.

Hivyo akawa grandimasta wa 88 wa India, na mwanamke wa nne tu nchini humo. Mchezo ulipokwisha, alimkumbatia mama yake huku akilia.