Ngazi Isiyomwacha Mgonjwa: Hoja Kuhusu Makuzi ya Kitaaluma ya Muuguzi Nchini Tanzania

Ikisiri

Mijadala kuhusu uuguzi nchini Tanzania huelemea upande mmoja: upungufu wa watumishi. Makala haya yanadai kwamba ipo kasoro nyingine isiyotajwa sana, nayo ni mfumo wa makuzi ya kitaaluma unaomtuza muuguzi kwa kumwondoa kwa mgonjwa. Kwa kutumia nadharia ya Patricia Benner na ushahidi kutoka Hospitali ya Haydom, makala yanaonyesha kuwa ujuzi wa muuguzi hukua pale pale wodini, na yanapendekeza muundo wa utumishi uutambue ujuzi huo.

Utangulizi

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kuhusu hali ya uuguzi ilikadiria kuwa dunia ilikuwa na wauguzi milioni 27.9 na upungufu wa milioni 5.9. Asilimia 89 ya upungufu huo ilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha ngazi ya chini. Ripoti iliyofuata, ya mwaka 2025, ilionyesha kuwa wauguzi walifika milioni 29.8 mwaka 2023, huku upungufu ukishuka hadi milioni 5.8 tu. Tanzania imo katika orodha ya nchi 55 ambazo Shirika hilo, mwaka 2023, lilizitaja kuwa na uhaba mkubwa wa watumishi wa afya kiasi cha kuhitaji kulindwa dhidi ya nchi tajiri zinazowavuta wataalamu wao.

Takwimu hizi zimetuzoesha kuuliza swali moja: waajiriwe wangapi zaidi? Ni swali halali. Hata hivyo, hatujiulizi vya kutosha kuhusu yule aliyekwisha kuajiriwa: anakua vipi kitaaluma, na akishakua anakwenda wapi? Msimamo wa makala haya ni kwamba, kwa jinsi mambo yalivyo, kukua kwake ni kuondoka. Kila hatua anayopanda humsogeza mbali na kitanda cha mgonjwa, na wodi hubaki mikononi mwa wale ambao bado hawajapata njia ya kuondoka.

Zamu na hesabu zake

Changamoto za kila siku za muuguzi huelezwa kwa maneno ya jumla: kazi ni nyingi, vifaa havitoshi, mishahara haikidhi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yanaficha aina ya kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa wodi ya uzazi. Kanuni za partografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, iliyotumika kwa miaka mingi zinataka mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe kila nusu saa, na uchungu upimwe kila nusu saa kwa kuweka mkono juu ya tumbo la mama kwa dakika 10. Muuguzi mmoja mwenye wajawazito watano walio katika uchungu mkali anatakiwa, kwa kipimo hicho kimoja tu, kutumia dakika 50 ndani ya kila dakika 30. Bado hajasikiliza moyo wa mtoto yeyote, hajapima shinikizo la damu, hajapokea mtoto anayezaliwa, wala hajajibu swali la ndugu aliyesimama mlangoni.

Hesabu hiyo haiwezekani, na kila mkunga anajua hivyo. Ndiyo maana si ajabu kukuta partografu imejazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Msimamizi anayekagua makaratasi huona uzembe. Akitazama kwa makini zaidi ataona kwamba muuguzi huyo alipitisha zamu nzima akifanya kazi isiyoandikwa katika mwongozo wowote: kuchagua. Nani atazamwe kwanza, nani anaweza kusubiri, kimya cha mama yupi ni cha utulivu na cha yupi ni cha hatari. Uamuzi huo haumo katika daftari la MTUHA, yaani la taarifa za huduma za afya, wala haumpatii muuguzi alama yoyote ya kitaaluma, ilhali ndio unaotenganisha zamu iliyopita salama na zamu ya msiba.

Katika zahanati ya kijijini sura ya kazi ni nyingine. Huko tatizo ni majukumu mengi juu ya mtu mmoja: asubuhi anachanja watoto, mchana anatoa dawa, jioni anachemsha vifaa, usiku anagongewa mlango kwa ajili ya mama aliyefika akiwa katika uchungu. Hana mwenzake wa kumkabidhi zamu, na kwa hiyo hana mtu wa kumuuliza, "Hili ungelifanyaje?" Upweke wa kitaaluma ni changamoto isiyotajwa katika orodha za kawaida, nao hudumaza ujuzi kuliko hata ukosefu wa vifaa.

Lipo pia suala la kauli. Malalamiko ya wananchi juu ya lugha chafu ya wauguzi hayapaswi kupuuzwa; mgonjwa aliyetukanwa ameumizwa. Lakini tiba inayopendekezwa, yaani maonyo na mahubiri ya maadili, haifiki kwenye chanzo. Mwanasosholojia Arlie Hochschild alionyesha mwaka 1983 kwamba kuzitawala hisia zako ili mteja aridhike ni kazi kamili, yenye gharama zake kwa anayeifanya. Muuguzi anayetakiwa kutabasamu kwa mgonjwa wa arobaini kama alivyotabasamu kwa wa kwanza anafanya kazi hiyo bila kupumzika, bila kufundishwa namna ya kuifanya, na bila mtu wa kumtua mzigo. Upole nao ni ujuzi. Huhitaji mafunzo na malezi kama unavyohitaji mkono wa kutafuta mshipa wa damu.

Ngazi inayoelekea nje ya wodi

Mwaka 1984 Patricia Benner, mwanazuoni wa uuguzi wa Marekani, alichapisha kitabu kinachoeleza kwamba muuguzi hupitia hatua tano, tangu kuwa mwanagenzi anayefuata kanuni moja baada ya nyingine hadi kuwa mbobezi anayeiona hali yote ya mgonjwa kwa mara moja. Hoja yake kuu ni kwamba sehemu kubwa ya maarifa ya uuguzi imo katika utendaji wenyewe. Shule huyaanzisha; wagonjwa wengi, wa miaka mingi, ndio wanaoyakomaza.

Tukiipokea hoja hiyo, mfumo wetu unaonekana kwenda kinyume. Muuguzi wa Tanzania huingia kazini kwa cheti, stashahada au shahada. Shahada huchukua miaka minne, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali. Kutoka hapo, kupanda daraja hutegemea zaidi muda wa utumishi na cheti kipya kuliko ubora wa kazi kitandani. Mwenye cheti hutafuta stashahada, mwenye stashahada hutafuta shahada, kisha husubiri kubadilishiwa muundo ili mshahara ulingane na elimu. Hakuna ubaya wowote katika kusoma. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka muuguzi awe na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na leo Chuo Kikuu cha Muhimbili kinatoa shahada ya uzamili katika uuguzi wa wagonjwa mahututi. Hayo ni mafanikio ya kujivunia.

Tatizo ni mahali elimu hiyo inapompeleka mhitimu. Aliyerudi na shahada hupangiwa ofisi, hupelekwa kufundisha chuoni au huchukuliwa na mradi. Kupewa usimamizi wa wodi hugeuka kuwa kazi ya ratiba za zamu na madai ya dawa. Aliyebaki akigeuza wagonjwa na kusafisha vidonda kwa miaka ishirini, akawa ndiye anayeitwa kila mshipa unaposhindikana kupatikana, huonekana kuwa mtu aliyekwama. Vijana wanaoanza kazi humwangalia na kujifunza somo moja: ukitaka kuheshimika, ondoka. Ubobezi alioueleza Benner unakuwepo, lakini hauna cheo, hauna mshahara wake na hauna mrithi.

Funzo la Haydom

Je, ujuzi wa kitandani unaweza kukuzwa kwa makusudi? Jibu limepatikana hapa hapa nchini. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu mkoani Manyara, ilikuwa miongoni mwa vituo vya kwanza kutumia mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Baada ya mafunzo ya siku moja, wakunga walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere wa mazoezi. Kwenye chumba cha kujifungulia, kwa watoto halisi, utendaji haukubadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na yangepaswa kumsumbua kila mwandaaji wa semina.

Hospitali haikuishia hapo. Mazoezi yaligawanywa yakawa mafupi na ya mara kwa mara, yakafanyiwa wodini kwenyewe, wakunga wakisimamiana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Wazo hilo lilipanuliwa hadi hospitali na vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, likiambatana na vifaa na matumizi ya takwimu za kituo husika. Ripoti ya matokeo ya upanuzi huo, ya mwaka 2025, ilionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika saa za mwanzo vikipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila watoto 1,000.

Funzo hapa linavuka mipaka ya ukunga. Mkunga yule yule, katika jengo lile lile, alibadilika pale mafunzo yalipomfuata kazini badala ya yeye kuyafuata ukumbini. Kujifunza kuliacha kuwa safari yenye posho, kukawa sehemu ya zamu.

Hoja pinzani

Wapo watakaosema kwamba bila kuongeza watumishi haya yote ni mapambo. Mtu mwenye wajawazito watano hana muda wa mazoezi. Pingamizi hili lina uzito, na hesabu ya partografu iliyotangulia inaliunga mkono. Makala haya hayapendekezi mazoezi yawe mbadala wa ajira. Yanachosema ni kwamba ajira mpya peke yake haizibi pengo. Tukiajiri mmoja huku wodi ikimpoteza mzoefu mmoja, idadi inabaki pale pale na ujuzi unashuka.

Wengine watahofu kwamba kumthamini muuguzi wa kitandani ni njia ya kumfungia huko, asifike kwenye uongozi. Hofu hiyo ina historia: kwa muda mrefu muuguzi alihesabiwa mtekelezaji wa maagizo ya daktari. Lakini kufungua njia ya pili si kuifunga ya kwanza. Anayetaka kuongoza au kufundisha aendelee. Kinachodaiwa ni kwamba anayetaka kubaki kwa mgonjwa asiadhibiwe kwa kubaki.

Hitimisho

Mambo matatu yanaweza kufanyika bila kusubiri bajeti kubwa. Kwanza, muundo wa utumishi uwe na daraja la muuguzi mbobezi wa wodi, linalopatikana kwa kupimwa utendaji, lenye mshahara sawa na wa mwenzake wa ofisini. Pili, mazoezi mafupi ya wodini yahesabiwe katika alama za mafunzo endelevu kwa uzito ule ule wa semina. Tatu, mzoefu anayewalea wanagenzi apangiwe saa za kazi hiyo katika ratiba ya zamu, na wa zahanati aliye peke yake apewe mzoefu wa kumpigia simu na siku za kukaa naye wodini.

Wizara ya Afya, Baraza la Uuguzi na Ukunga na Chama cha Wauguzi wanao uwezo wa kuyajadili haya na kuyaamua. Wahariri na watafiti nao waache kuwahesabu wauguzi kwa vichwa peke yake. Wapime pia ni miaka mingapi ya ujuzi inayobaki wodini. Taaluma inayompandisha mtu kwa kumtoa kwa mgonjwa itaendelea kutoa vyeti vizuri na huduma hafifu.